Mafiga ya Bi. Tunu

"Nasema nirudishie mzigo wangu, Bi. Makini, kabla sijauita mtaa mzima uje usikie."

"Uite. Nani kakushika mdomo? Na ukishauita, uuambie kwamba wangu mimi umelala uvunguni kwako tangu jana."

"Wangu kwanza."

"Kwanza kwa lipi?"

"Kwa kuwa wewe ndiye uliyeanza. Ulikwenda mbio kabla ya kengele kama ilivyo tabia yenu, mvua inapiga, ukabeba ulichokishika. Mimi nimefika baada ya kengele kama watu wenye adabu zao, nikakuta umebaki mmoja tu kwenye ubao wenu pale ghalani. Ulitaka niuache?"

"Si mnajisifu kwamba nyinyi ndio mnaomwamini Mungu zaidi? Ungeuacha."

Watu waliojipanga njiani wakacheka, na Bi. Tunu, mrefu, mwembamba, akaibana kanga kifuani kama anayeogopa kudondoka. Bi. Makini, mfupi wa mwili mpana, mikono kiunoni, akageuka huku na huku aone nani kacheka zaidi. Ndipo akamwona mwanamke mgeni kasimama katikati ya nyua zao mbili, kikapu begani, vumbi mpaka kwenye nyusi, anasikiliza kwa raha zake zote.

"Na wewe ni nani?"

"Mpita njia, mama. Naitwa Mkawasi. Nilikuwa natafuta pa kulala, lakini malizeni kwanza, mimi sina haraka."

Huyu Mkawasi, kwao milimani, alikuwa fundi cherehani, na kibarazani kwake watu hawakukosekana. Aliyekuja kupunguziwa gauni alikaa mpaka birika la pili la chai, na asiyekuwa na nguo ya kushona alikuja tu kusikiliza. Posa za watu, ugomvi wa mawifi, nani kahama kwaya na kwa nini kahama, yote yalipita pale. Kwa hiyo akina mama wa kanisa lao waliposikia habari za nchi ya Kabidhi, ambako kumtumaini Mungu si jambo la mtu na moyo wake bali ni sheria ya nchi, na walipotaka mtu wa kwenda kuona na kurudi kuwasimulia, hawakuhangaika kutafuta. Walimfungia unga na dagaa vya njiani, wakamwombea, wakamsindikiza mpaka njia panda. Ya safari hayana maana. Ilikuwa nyika juu ya nyika, haina mji wala duka, na Mkawasi alijua kwamba kurudi ni kulekule.

Bi. Makini alimchukua kwake papo hapo, kwa sababu mwenye kesi hupenda kuonekana ana mgeni wa heshima nyumbani. Akampa maji ya kuoga, akampa ugali na mchicha, na kabla mgeni hajanawa mikono alikwisha kumweleza nchi nzima.

Katika Kabidhi, alisema, shida ya mtu ina mwili. Ukilala na wasiwasi, asubuhi unaukuta umekaa pembeni ya kitanda, unaweza kuushika. Wa huyu ni jiwe, wa yule ni kufuli, wa mwingine ni kiatu kimoja cha mtu aliyeondoka. Na Bwana, tangu nchi inaanza, aliwaambia watu wake wafunge kila mmoja mzigo wake, waulete kwenye Ghala lake pale kilimani, wamkabidhi, waondoke mikono mitupu.

"Na mnafanya hivyo?"

"Kila asubuhi. Hujaona nchi inayotii kama hii."

"Na jioni?"

"Jioni tunaifuata."

"Mnaifuata ya nini?"

Bi. Makini akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anafunga mlango. "Ilale nje?"

"Si iko kwa Bwana?"

"Mwanangu, Bwana tunamwamini. Mchana kutwa tunamwamini. Lakini usiku ni usiku."

Juu ya kuifuata mizigo, hakukuwa na ubishi katika nchi ile. Ubishi ulikuwa juu ya saa: kuifuata kabla ya kengele ya jioni, au baada yake. Watu wa Kabla ya Kengele walishika kwamba Bwana amewapa watu akili ili wawahi. Watu wa Baada ya Kengele walishika kwamba kuwahi ni upungufu wa imani, na wao imani yao iliwazidi wenzao kwa muda wa kutosha kuchemsha maharage. Hawakuoana, hawakuzikana, na kila upande ulikuwa na mbao zake ghalani. Bi. Makini alikuwa wa Kabla. Bi. Tunu, jirani yake wa ua wa pili, alikuwa wa Baada. Basi mvua ile ya jana, katika kukimbia, Bi. Makini alikosea ubao.

"Si ungefungua tu ukaona si wako?"

Bi. Makini aliweka tonge chini. Mizigo yote, alieleza kwa sauti ya chini, hufungwa katika kitambaa cha kijivu cha namna moja, mafundo yamekazwa, kusudi mtu asijue wa mwenzake una nini. Kufungua wa mwenzako ndilo kosa kubwa kuliko yote katika Kabidhi.

"Na adhabu yake?"

"Unaubeba."

"Nini?"

"Huo uliouona. Wa jirani. Unaubeba wewe."

Mkawasi alitaka kucheka, lakini mwenzake hakuwa anacheka. "Kuubeba tu?"

"Tu? Alikuwepo mtu hapa mtaa wa juu, akahukumiwa kubeba wa jirani yake. Watu walikuwa wanavuka njia wasikutane naye. Mwisho alihama." Akainua tonge lake tena. "Kwa hiyo sisi hatutazami. Ukimwona mwenzio amekaa vibaya, unageuza shingo. Ndiyo heshima."

Asubuhi Mkawasi alikwenda naye ghalani. Ule wa Bi. Tunu waliuacha nyumbani nyuma ya mtungi, kwa kuwa mtu hawezi kukabidhi kisicho chake, na ungoje pale mpaka siku ya baraza, kesi itakapoamuliwa. Mlangoni mwa Ghala alikaa Mpokezi Mkuu, Mzee Taratibu, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama peke yake.

"Mzigo wako uko wapi, mgeni?"

"Sina, mzee. Nina kikapu changu tu cha njiani."

Mzee akaingiza mkono kikapuni, akagusa mfuko wa unga, akajaribu kuuinua, haukuinuka. "Huu ndio wenyewe."

"Huo ni unga, mzee."

"Ndivyo wanavyosema wote," akajibu, akaufungia kitambaa cha kijivu.

Mkawasi aliona wanamtania. Lakini aliposhuka kilimani mikono mitupu, shingo ikawa nyepesi ghafla, na hapo akakumbuka jinsi alivyoulalia unga ule kichwani njia nzima, na jinsi kila alipopumzika alivyoutia mkono na kupima kama utamfikisha kwao. Wepesi ule ulidumu mpaka jua lilipokuwa utosini. Kisha akaanza kuwaza panya. Jioni, kengele haijalia, Mkawasi alikuwa miongoni mwa wanaokimbia. Si kwamba simwamini Mungu, alijiambia. Nisiowaamini ni panya.

Wakashuka wote pamoja, kila mtu mzigo wake kichwani, wakiimba wimbo wa nchi, ambao maneno yake walipewa na Bwana siku ileile ya sheria:

Yangu nakuachia wewe,
ya jirani nibebeshe.

Mkawasi aliupenda. Aliushika mara moja, akawatilia sauti ya pili, unga wake juu ya kichwa, na watu wakageuka kumsifu.

Kesho yake mchana Bi. Makini alikwenda shambani, na Mkawasi akabaki nyumbani na ule mzigo nyuma ya mtungi. Alifagia. Akakaa. Akafagia tena pale alipokwisha kufagia. Fundi wa nguo hawezi kukaa na fundo bila kulijaribu, na fundo lenyewe halikuwa gumu.

Ndani mlikuwa na mafiga matatu. Mafiga ya jikoni, makubwa, yamechongwa vizuri, na hayana hata doa la masizi. Yalikuwa meupe na baridi kama yametoka mtoni.

Alikaa chini. Akakumbuka kwamba jioni zote mbili alizokuwa pale moshi ulipanda kutoka jikoni kwa Bi. Tunu, moshi mwingi, wa kuonekana, na hata siku moja haukunukia kitunguu wala maharage. Ulinukia majani mabichi. Yule mama alikuwa akichoma majani ili majirani waone moshi.

Na hapo neno likamjia Mkawasi, wazi, kama mtu aliyeinama sikioni mwake: Mpelekee unga.

Halikuwa fumbo. Halikuhitaji mchungaji wa kulifafanua. Unga ulikuwa pale kitandani, kwa kuwa asubuhi ile hakuupeleka kilimani, na jikoni kwa Bi. Tunu palikuwa ng'ambo ya ua. Mkawasi aliona nyika yote ya kurudia ikijitandaza mbele yake.

"Bwana," akasema, "hilo nitaliombea."

Aliyesema naye ndiye huyohuyo ambaye angekwenda kumuuliza, lakini Mkawasi hakusimama sana hapo. Akafunga mafiga, akakaza fundo kwa namna alivyozoea kukaza kwao, akayarudisha nyuma ya mtungi.

Jioni kisimani alikuta wanawake wanangojea zamu. Nao walikuwa watu wa kupendeza, wa maneno, na Mkawasi alikuwa hajapata kundi zuri tangu atoke nyumbani.

"Jamani, tumkumbuke Bi. Tunu katika maombi," akasema.

"Ana nini?"

"Sitaki kusema mengi."

"Usiseme mengi, dada. Sema kidogo tu."

Akasema kidogo. Kisha, kwa kuwa kidogo hakikueleweka, akaongeza: mafiga, weupe wake, na majani mabichi. Wanawake wakaguna kwa huruma. Mmoja akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Wote wakaahidi kuomba, na kila mmoja akajitwika ndoo yake akaenda kupika. Mkawasi alirudi moyo umemjaa, kama mtu aliyefanya kazi ya Mungu.

Jioni iliyofuata hapakuwa na moshi kwa Bi. Tunu. Habari ilikwisha kufika. Majani yalikuwa ya nini tena?

Siku ya baraza Ghala hufungwa, na watu hukaa uwanjani mbele yake. Bi. Tunu aliuweka mezani mzigo wa Bi. Makini, mafundo yake hayajaguswa. Bi. Makini akauweka wa Bi. Tunu. Mzee Taratibu akauzungusha, akaupapasa.

"Fundo hili si la Kabidhi," akasema. "Mzigo huu umefunguliwa. Na nasikia yaliyomo yanajulikana mpaka sokoni."

Uwanja ukaguna. Ndipo wasaidizi wake wawili walipoanza kujadiliana kama mzigo uliokwisha kujulikana na watu unaweza kupokelewa tena ghalani. Wa kwanza alisema Bwana hupokea siri, habari hapokei. Wa pili alisema Bwana anaweza kupokea chochote apendacho, tatizo ni mbao, kwamba hakuna ubao wa mizigo ya namna hiyo. Wa kwanza akauliza kama mwenzake anataka kumwekea Bwana mipaka. Wa pili akasema anayeweka mipaka ni seremala. Jua likahama. Mama mmoja akapendekeza kwamba, wakati wazee wanatafakari, baraza lisimame limwombee Bi. Tunu juu ya njaa yake, na wote wakasimama. Waliomba kwa kirefu, na wengine walilia kweli. Kisha wakakaa. Bi. Tunu naye alisimama na kukaa pamoja nao, akishika meza.

"Haupokelewi," Mzee Taratibu akaamua. "Itabidi mtu aubebe. Sasa, nani aliufungua?"

Macho yote yalikwisha kufika kwa Bi. Makini. Yaliyosikika kisimani yalitoka kwa mgeni wake, na mgeni angeyapata wapi kama si kwa mwenyeji? Hakuna aliyesema hadharani kwamba alikuwepo kisimani, lakini wote walijua.

"Si mimi," Bi. Makini akasema. Sauti yake ya uani ilikuwa imemtoka, amebaki na ya mtu mzee. "Nimegombana naye, kweli. Nimemtukana, kweli. Lakini kufungua sikufungua. Mwulizeni mgeni wangu. Ni mtumishi wa Mungu, ametumwa na kanisa. Amelala kwangu, atasema."

Mkawasi akaitwa mbele. Katika Kabidhi mgeni haulizwi zaidi ya swali moja, kwa adabu, asije akachoka. Mzee Taratibu alilichagua swali lake polepole.

"Mgeni, ulimwona Bi. Makini akiufungua mzigo huu?"

"Hapana, mzee. Sikumwona."

"Ahsante. Kaa."

Akakaa. Lilikuwa jibu la kweli, hakuna neno ndani yake ambalo mtu angeweza kulikataa, na uso ulimwaka mpaka masikioni. Swali ndilo lililokuwa moja. Majibu hakuna aliyeyapimia. Alikuwa bado anaweza kusimama na kusema neno lingine, na alingoja ajione anasimama, na hakujiona. Aliwaza aibu ya kupita njiani na mafiga ya mtu kichwani, yeye aliyetumwa. Aliwaza namna akina mama wa kwao watakavyosikia. Bi. Tunu, upande wa pili wa meza, alilitazama lile fundo, kisha akavitazama vidole vya Mkawasi, vidole vya fundi. Aligeuza shingo, kama walivyofundishwa.

"Kutoonekana hakumwondolei mtu kosa lililotendeka ndani ya kuta zake," Mzee Taratibu akahukumu. "Bi. Makini, utaubeba."

Bi. Makini akajitwika mafiga, na mzigo wake mwenyewe akaukumbatia. Watu wakampisha njia pana kuliko alivyohitaji. Wimbo haukuimbwa.

Walitembea wawili mpaka kelele za uwanjani zikaisha. Bi. Makini alikuwa anahema, shingo imezama mabegani.

"Ahsante, mwanangu," akasema.

"Ya nini, mama?"

"Kunisemea. Mwingine angeogopa kusimama mbele ya umati ule kwa ajili ya mtu ambaye hata si ndugu yake. Kwenu mmelelewa." Akapumua. "Jioni nitakukaangia mayai. Nilikuwa nayaweka, lakini ya nini sasa."

Mkawasi akasimama.

"Mama, tua hayo mafiga."

"Tutafika."

"Tua. Nilifungua mimi."

Bi. Makini alitua. Ilimchukua muda kunyoosha mgongo. "Wewe?"

"Mimi. Ulipokwenda shambani. Na kisimani nilisema mimi."

"Na pale barazani ukasema hukuniona."

"Sikukuona."

"Mm."

Mkawasi alingoja matusi. Alikwisha kuyasikia matusi ya mama yule, alijua yalivyo mazuri, na angeyapokea kama maji. Hayakuja. Bi. Makini alikuwa anaiangalia njia, uso umelegea.

"Na mimi nimekushukuru," akasema.

Tangu azaliwe Mkawasi hakuwahi kusemwa vibaya kama vile. Akainama, akayatia mafiga kichwani. Yalikuwa mazito kuliko alivyoyaona siku ya kuyafungua, lakini siku ile alikuwa anayatazama tu.

Kwa Bi. Makini aliingia chumbani, akauchukua mfuko wake wa unga, akamimina nusu kwenye bakuli, iwe ya njia. Akakaa akaitazama ile nusu. Kwa mara ya kwanza tangu atoke kwao hakuwa na maneno ya kumwambia Mungu, hata ahadi ya kuliombea. Akairudisha nusu mfukoni, akaweka dagaa juu yake, akatoka.

Kutoka ua hadi ua si mbali, lakini lango la Bi. Tunu lilitazama njia kuu, na njia kuu ilikuwa imejaa watu wanaotoka barazani. Walimwona mgeni aliyetumwa na kanisa, aliyewatilia sauti ya pili, akipita na mafiga ya jirani kichwani bila kuhukumiwa na mtu. Waliacha kuongea. Wawili watatu wa kisimani waligeuza shingo upesi.

"Hodi."

"Hodi ya nini?" Bi. Tunu alijibu toka ndani. "Si ulishaingia."

Mkawasi alibaki mlangoni. "Nimekuletea mafiga yako. Na unga."

"Unga wa kuninyamazisha?"

"Wa kupika. Ukitaka kusema, mama, sema. Nitasikiliza huku nasonga."

Bi. Tunu akaja mpaka kizingitini. Kwa karibu alikuwa mwembamba zaidi. "Kisimani ulisema nini? Nataka niyasikie kwa mdomo wako, si kwa midomo ya watu."

Mkawasi, ambaye kwao aliweza kusimulia harusi moja kutwa nzima, aliyatafuta maneno yake. "Nilisema... tukukumbuke katika maombi."

"Wakasema?"

"Wakasema wataomba."

"Na wewe?"

"Nikasema nami."

"Ukaomba?"

Mkawasi alirudi nyuma akilini, mchana ule, jioni ile, asubuhi iliyofuata, akitafuta hata sala moja fupi ya kulalia.

"Hapana," akasema.

Bi. Tunu akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa hesabu aliyokuwa anaijua. Kisha akasogea kando ya mlango. Hakumkaribisha, lakini alisogea.

Mkawasi aliyapanga mafiga jikoni, akawasha kuni, akabandika maji. Moto ulipanda ukayalamba mafiga, na masizi ya kwanza yakashika, doa jeusi hapa, doa pale, mpaka yakawa mafiga ya nyumba ya watu. Moshi ukatoka kupitia makuti, na safari hii ulinukia dagaa. Alisonga ugali, na unga wote uliobaki akauacha pale jikoni. Akamwekea Bi. Tunu sahani, akamwekea maji ya kunawa, akafuta mikono, akaelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Nje, mama. Ule."

"Nile peke yangu, mtaa mzima unanichungulia? Wewe unayependa watu hivyo. Kaa chini." Akasogeza sahani katikati. "Na kwenu utarudi na nini?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, mama. Kweli."

Bi. Tunu alimtazama kitambo, na uso wake ukalegea kidogo, kwa mara ya kwanza. "Kaa, basi."

Hawajashika tonge, wakasikia mtu anakohoa uani. Bi. Makini alikuwa amesimama pale pale penye ugomvi wao, mzigo wake wa kijivu mikononi, akiuhamisha mkono huu, mkono ule.

"Bi. Tunu."

"Sema."

"Huu wangu ulikaa uvunguni kwako muda wote ule. Hukuufungua?"

"Sikuufungua."

"Hata kidogo?"

"Nimeshasema, Bi. Makini. Mimi si mtu wa kufungua ya watu."

Mkawasi aliinamisha kichwa. Huko kilimani kengele ya jioni, isiyokosa hata siku ya baraza, ikalia, na hakuna hata mmoja wao aliyeinuka. Bi. Makini aliitazama miguu yake.

"Najua," akasema. "Ningependa ungeufungua."

Bi. Tunu alimwangalia jirani yake, akaangalia kile kitambaa, mafundo yake ya miaka yote, halafu akamsogelea Mkawasi kwenye mkeka hadi pakabaki nafasi ya mtu mmoja mpana.

"Ingia nao," akasema. "Uweke hapo karibu na mimi. Unawe, tule kwanza."